Moto wa Kuitia Msaada Porini

Mtu akisimama usiku juu ya mojawapo ya vilima vilivyo karibu na mji wa Isiolo, akatazama upande wa kaskazini na wa mashariki, huona mioto. Mmoja uko karibu na barabara. Mwingine uko mbali kuelekea mto Ewaso Nyiro. Mwingine umefifia hata ni vigumu kujua kama ni moto au ni nyota iliyoinama chini. Mmoja ni wa wachungaji wanaochemsha chai. Mmoja ni wa wachoma makaa. Mmoja umewashwa mlangoni pa boma ili simba asisogee, na mwingine ni wa dereva wa lori ambaye gurudumu lake limepasuka. Yote ni mioto tu. Sasa tuseme kwamba mmoja kati ya hiyo umewashwa na mtu aliyepotea siku mbili, ambaye maji yake yamekwisha. Mtazamaji atautambuaje?

Katika makala haya twataka kueleza jinsi mtu aliyekwama porini awezavyo kutumia moto kuwaita watu, na pia, jambo ambalo si dogo kuliko hilo, jinsi impasavyo kufanya mtu anayeuona moto huo kwa mbali. Wasomaji wetu wengi wamekoka moto tangu utoto wao, wala hawahitaji kufundishwa kupanga kuni. Lakini kukoka moto ni kazi moja, na kuufanya moto useme ni kazi nyingine.

Isiolo ni mji uliokaa mlangoni. Nyuma yake, upande wa kusini, ni Mlima Kenya na mashamba ya Meru. Mbele yake ni nchi kavu ya migunga na mawe, inayoteremka pamoja na mto Ewaso Nyiro kupita Archers Post na Merti hata kwenye vinamasi vya Lorian. Wakati wa ukoloni nchi hiyo ya mbele ilifungwa kwa sheria, na mgeni hakuruhusiwa kupita Isiolo pasipo kibali. Sheria hiyo iliwatenga watu wa kaskazini na wenzao kwa miaka mingi, wala hakuna anayeililia leo. Ila ilikuwa na jambo moja: mtu akiomba kibali, palikuwa na karani aliyejua ya kuwa amekwenda. Siku hizi barabara ya lami imefika Moyale, mwendo wa kilomita zipatazo 500, na msafiri huenda apendako bila kumwuliza mtu. Hilo ni jema. Lakini akipotea, yawezekana asiwepo hata mtu mmoja ajuaye kwamba amepotea.

Wengine watasema, "Siku hizi tuna simu." Ni kweli, na mwenye simu inayofanya kazi na aitumie kwanza, nambari za kuitia msaada nchini Kenya ni 999 na 112. Hata hivyo, mtu akiiacha lami na kuingia porini, mabondeni na nyuma ya vilima, mara nyingi huona alama ya mtandao imetoweka. Na hata penye mtandao, betri ina mwisho wake. Wanaoingia huko si watalii tu. Katika ukame uliodumu tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, ambapo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, wachungaji walilazimika kupeleka mifugo mbali, wengine katika malisho wasiyoyajua vema. Wako vijana wa Kiborana wanaokaa miezi na mifugo ya fora, yaani kundi lile linalotengwa na la nyumbani ili lihamehame kufuata nyasi. Wako wanawake wanaokusanya ubani na utomvu wa miti. Wako madereva waliokata njia ya mkato ili kuokoa saa moja, na njia ikawapotea.

Mioto mitatu

Kanuni ya kwanza ni rahisi, na hata mtoto aweza kuikumbuka: washa mioto mitatu. Katika nchi nyingi za dunia, kwa warubani, kwa wapanda milima na kwa askari, ishara inayotolewa mara tatu huwa na maana ya "Niko taabuni, nisaidie." Milio mitatu ya firimbi, milio mitatu ya bunduki, mioto mitatu: maana ni ile ile. Wala hapana uganga katika hesabu hiyo. Moto mmoja huwashwa na kila mtu. Mioto miwili yaweza kutokea kwa bahati, majirani wawili wakipika. Lakini mioto mitatu iliyotengana kwa nafasi zilizo sawa haijipangi yenyewe, na mwenye kuiona hujua kwamba kuna mtu aliyekusudia kuonwa.

Mabaharia hawana haja ya mpango huo. Kanuni za kimataifa za vyombo vya baharini, zilizoandikwa mwaka 1972, zinahesabu ndimi za moto juu ya chombo, kama vile pipa la lami au la mafuta linalowaka, kuwa ishara ya hatari. Moto mmoja unawatosha, kwa kuwa hakuna nahodha awashaye moto mkubwa juu ya jahazi lake kwa ajili ya kupikia wali. Nchi kavu mambo ni kinyume, na hasa nchi ya wafugaji, ambako moto ni dalili kwamba watu wako nyumbani na wana heri.

Ipange mioto katika mstari ulionyooka au katika pembe tatu, na baina ya moto na moto acha hatua kama thelathini. Usiikaribishe zaidi ya hapo kama una nguvu, kwa sababu kwa mbali mioto iliyokaribiana huungana machoni na kuonekana kama mmoja. Mstari una kasoro yake: mtazamaji akiwa upande ule mstari unakoelekea, ataona moto mmoja nyuma ya mwingine, na hesabu itampotea. Kwa hiyo mtu asiyejua msaada utatokea upande gani afadhali apange pembe tatu, nayo mioto itahesabika kutoka pande zote.

Twajua kwamba mtu mmoja, naye ana kiu, hawezi kulisha mioto mitatu usiku kucha. Basi na aufanye mmoja kuwa mama, uwake polepole kwa magogo mazito, na mingine miwili aipange tayari pasipo kuiwasha: majani makavu chini, vijiti juu yake, kisha kuni nene. Akisikia mlio wa motokaa au wa eropleni, achukue vijinga kutoka katika moto mama na kuwasha ile miwili. Jambo hilo lafaa kujaribiwa mara moja wakati wa utulivu, maana mtu anayehangaika gizani na miiba huweza kufika kwenye kuni zake msafara ukiwa umekwisha kupita. Ikiwa kuni ni za moto mmoja tu, hata huo waweza kuhesabika: simama mbele yake na blanketi au ngozi, uufiche na kuufunua mara tatu, pumzika kidogo, kisha rudia. Blanketi lishikwe mbele ya moto, si juu yake, la sivyo utalala uchi.

Moto usio na mtazamaji

Mwezi wa Aprili mwaka 1933 rubani mmoja Mwingereza, Bill Lancaster, aliruka peke yake kutoka Uingereza akikusudia kuvunja rekodi ya safari ya kwenda Cape Town. Alipokuwa akivuka Sahara usiku, kusini ya Reggan, injini ilimharibikia na ndege yake ikaanguka na kupinduka. Hakufa. Alikaa pale pale penye ndege, jambo ambalo ndilo la akili, na usiku alichana vitambaa vya ndege hiyo, akavilowesha petroli na kuviwasha kwa vipindi, akitumaini kwamba mtu atauona mwali. Aliishi siku nane, akiandika habari zake katika daftari. Mwili wake uliokauka pamoja na daftari hilo ulipatikana na askari wa doria wa Kifaransa mwezi wa Februari mwaka 1962, karibu miaka 29 baadaye.

Moto wa Lancaster ulikuwa mkali na uliwashwa kwa ustadi, lakini hapakuwa na jicho la kuupokea. Moto ni kama barua: haitoshi kuiandika, lazima awepo mtu aliyeagana nawe kwamba ataifungua. Nasi twaona kwamba hapa ndipo watu wetu wanapokosea zaidi. Mtu hujifunza kuwasha moto, hujifunza hata hesabu ya mitatu, lakini huondoka nyumbani bila kupatana na mtu yeyote kuhusu siku, saa na mahali.

Mapatano yenyewe hayahitaji karatasi. Mzee anayepeleka mwanawe na ngamia aweza kumwambia hivi: "Mwanangu, nakungoja siku ya soko. Usipofika siku hiyo, wala siku ya pili yake, mimi na ndugu zako tutapanda kwenye mwinuko ule kila usiku tukitoka katika sala ya Isha, tutazame upande wako. Ukiwa hai na umekwama, washa mitatu wakati huo. Usiwashe mapema, usichoke kwa kuwasha usiku kucha." Saa ya Isha, ambayo kwetu ni karibu saa mbili ya usiku, yafaa sana kwa sababu watu wengi wa Isiolo huijua bila kutazama saa, na giza limekwisha kuwa zito. Asiyekuwa Mwislamu na achague saa nyingine, mradi iwe moja. Mtoto huyo hupata faida mbili: kuni zake chache huwaka wakati macho yako wazi, na moyo wake hutulia kwa kujua kwamba kuna mtu anayetazama.

Kadhalika dereva. Kabla ya kuacha lami, amwambie mwenye duka, au askari polisi wa kituo cha mwisho, au mkewe kwa simu: "Naenda mahali fulani kwa njia fulani, nami nitakuwa nimefika kesho adhuhuri." Maneno hayo hayamgharimu hata senti moja.

Wewe unayeuona

Tuseme sasa umo nyumbani mwako, umetoka nje usiku, nawe waona mioto mitatu mahali ambapo jana palikuwa na giza. Jambo la kwanza si kukimbia. Gizani jicho haliwezi kupima umbali: moto mdogo wa karibu na moto mkubwa wa mbali hufanana. Na mara jua litakapochomoza mioto hiyo itatoweka, na vilima vyote vitakuwa sawa. Kwa hiyo chukua fimbo ndefu, ilaze chini ielekee mioto barabara, au panga mawe mawili, moja penye miguu yako na jingine hatua kumi mbele, upande ule ule. Asubuhi utaweza kumwonyesha askari au jirani njia pasipo kubabaika. Kama una jirani aliye mbali nawe kilomita mbili au tatu, naye akilaza fimbo yake, hapo mtapata mistari miwili, na mahali inapokutana ndipo alipo mtu. Wapimaji wa nchi hufanya kazi yao kwa njia hiyo hiyo.

Kisha toa habari usiku ule ule, kwa chifu, kwa polisi, kwa askari wa wanyamapori, kwa yeyote mwenye simu au redio. Na ikiwezekana, jibu. Washa moto mmoja mahali pa wazi, uufiche na kuufunua. Mtu aliyekata tamaa akiona kwamba ameonwa hukaa mahali pake akangoja. Asipoona jibu, aghalabu huondoka alfajiri kutafuta msaada mwenyewe, na watafutaji hukuta majivu matupu.

Hapana budi tuseme na jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilisemi, kwa kuwa waandishi wake hawakai Isiolo. Moto hauchagui mtazamaji. Nchi hii imeona mashambulio ya wezi wa mifugo kwa miaka mingi, na wachungaji wengi huzima mioto yao mapema, au huikoka ndani ya shimo, ili wasionekane. Kumwambia mtu kama huyo awashe mioto mitatu juu ya kilima ni kumwambia apige kelele mbele ya watu anaowaficha mifugo yake. Hatuwezi kumkatia shauri. Yeye ndiye ajuaye nani yuko karibu. Lakini yafaa apime hivi. Kama yuko karibu na barabara ipitwayo, au hana mifugo, au kiu imemfikisha mahali ambapo kesho haina uhakika, na awashe. Kama amesikia habari za wezi katika siku hizo, na bado ana maji, na asubiri mchana, atumie kioo au bati linalong'aa kurusha mwanga wa jua kuelekea anakotaka aonekane tu. Mwanga huo huonwa na yule aliyeelekezewa, si na nchi nzima. Na mapatano ya nyumbani ni bora katika hali hiyo pia, kwa sababu moto wa dakika chache katika saa iliyoagwa ni vigumu kwa mgeni kuufuata.

Moshi wa mchana

Usiku ni mwali, mchana ni moshi. Mwali wa moto katika jua la adhuhuri hauonekani hata ukiwa mkubwa, na wako watu waliowasha kuni kavu safi, zikawaka vizuri bila moshi, ndege ikapita. Kwa hiyo kwanza upate makaa mengi yenye joto, kisha weka juu yake majani mabichi, au nyasi mbichi, au nyunyiza maji machafu yasiyofaa kunywa: moshi utatoka mweupe na mzito. Huo huonekana vema ukiwa mbele ya kilima chenye mawe meusi au vichaka vya kijani. Mahali penye mchanga mweupe au anga lenye mawingu meupe, moshi mweusi ndio unaofaa, nao hutokana na mpira, na plastiki, na matambara yaliyolowa mafuta ya injini. Kinyesi kikavu cha tembo, ambacho hakikosekani katika nchi ya Ewaso Nyiro, huwaka polepole sana na kutoa moshi kwa muda mrefu. Chafaa kuutunza moto mama na kubebea moto kutoka mahali hata mahali. Jihadhari na mnyaa na miti mingine ya jamii yake yenye utomvu mweupe, kwa kuwa moshi wake huumiza macho.

Chagua mahali kabla ya kukusanya kuni. Katika tambarare, mtu aliyesimama haoni upeo unaofika hata kilomita 5. Juu ya kilima kilichoinuka mita 100 upeo wake hufika kilomita zipatazo 35. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko faida ya mzigo wa kuni. Lakini mtu asipande kilima kirefu mchana wa jua kali. Mwili unaofanya kazi juani huweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, na kuni zilizogharimu lita mbili za maji ni kuni ghali mno. Kusanya alfajiri na jioni, lala kivulini mchana. Tena asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, ndiyo saa moshi hupanda wima kama nguzo. Mchana upepo wa nchi hii huulaza chini na kuutawanya vichakani.

Kuhusu kiberiti hatuna mengi. Kitie katika chupa au mfuko wa plastiki, wala usikitumie kuwashia sigara. Asiyekuwa nacho atakumbuka kupekecha: ulindi wa mti mgumu juu ya wimbombo laini, kazi ambayo vijana wa Kisamburu na Kiturkana waliokulia machungani huifanya kwa muda mfupi, na wengi wetu wa mjini tungeifanya mpaka malengelenge yatoke mikononi tusipate hata cheche.

Mwenye motokaa ana mali nyingi ya kuchoma, na tena motokaa yenyewe huonekana kwa urahisi kuliko mtu, basi asiiache. Gurudumu la akiba hutoa moshi mweusi wa muda mrefu. Lakini ondoa upepo wote kwanza kwa kung'oa kijiti cha vali, maana gurudumu lililojaa likipashwa moto hupasuka na kuua. Mafuta ya injini yaweza kunyunyizwa juu ya makaa kidogo kidogo. Petroli isimiminwe kamwe juu ya moto unaowaka, wala juu ya makaa. Njia iliyo salama zaidi ni kujaza mchanga katika bati, kuulowesha petroli mbali na moto, kisha kuuwasha kwa kijiti kirefu: mchanga huo huwaka kama taa. Tena gari lisiwe karibu na moto, na liwe upande ule upepo unakotoka.

Malisho

Mtu anayeita msaada asiwafukuze wenziwe katika nchi yao. Nyasi kavu za mwezi wa Agosti au wa Februari ndizo chakula cha mifugo mpaka mvua zije, na moto ukitoroka siku ya upepo huweza kula katika alasiri moja malisho ya vijiji kadha. Mwezi wa Machi mwaka 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la Mlima Kenya, na watu walipambana nao kwa siku nyingi. Kwa hiyo fyeka na kukwangua ardhi kuzunguka kila moto, upana wa hatua tatu au nne, mpaka udongo mtupu uonekane. Penye mchanga wa mkondo mkavu kazi hiyo imekwisha kufanywa na mto. Vitabu vingine hushauri kuwasha mti mkavu mzima uwe mwenge. Hatukubaliani nao kwa nchi hii. Mikoma iliyo kando ya Ewaso Nyiro imevaa makuti makavu toka juu hata chini, nayo hushika moto kwa dakika moja. Lakini cheche zake huruka mbali sana, na mtu mwenye miguu iliyochoka hawezi kukimbia.

Macho ya rubani

Tumalizie na habari za ndege, kwa sababu watu hudhani kwamba rubani aliye juu huona kila kitu. Tarehe 23 Januari mwaka 1954 ndege ndogo iliyomchukua mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, pamoja na mkewe Mary, ikiendeshwa na rubani Roy Marsh, iligonga waya wa zamani wa simu karibu na maporomoko ya Murchison katika Uganda na kuanguka. Wote watatu walipona, wakalala porini. Ndege kubwa ya abiria iliyopita juu iliyaona mabaki ya ile ndogo, ikatoa habari kwamba hapana dalili ya mtu aliye hai. Magazeti ya dunia yakatangaza kifo cha Hemingway, ilhali yeye mwenyewe siku ya pili alikuwa amechukuliwa na mashua iliyofika mtoni ikiwa na watalii. Bati la ndege lilionekana; watu watatu hawakuonekana. Kwa mtu aliye juu, binadamu aliyesimama chini ya mgunga ni kitu kidogo mno.

Kwa hiyo usingoje ndege iwe juu ya kichwa chako. Rubani hutazama mbele na pembeni, na moshi huhitaji dakika kadha ili upande. Tupa majani mabichi juu ya makaa mara usikiapo mlio. Na karibu na mioto yako andika ardhini, kwa mawe, kwa matawi, au kwa makaa yaliyozimika juu ya mchanga mweupe, alama ambazo warubani wa nchi zote wamefundishwa. Herufi V maana yake ni "Nahitaji msaada." Alama ya X, "Kuna mtu anayehitaji matibabu." Herufi Y ni "Ndiyo," na N ni "La." Mshale ni "Tumekwenda upande huu." Kila alama iwe na urefu usiopungua mita mbili na nusu, na ikiwa kubwa zaidi ndiyo bora.

Rubani akiisha kukuona na kuelewa mchana, atatikisa mabawa ya ndege upande huu na upande huu. Usiku atawasha na kuzima taa zake za kutulia mara mbili. Asipofanya hivyo, usidhani kwamba amekwenda kukuletea watu. Endelea kulisha mioto yako kana kwamba hakupita.

Na watu watakapokufikia, kabla hujapanda gari lao, ifukie mioto yote mitatu kwa mchanga, ukorogekoroge majivu mpaka uweze kuyashika kwa mkono. Kisha futa zile alama za ardhini. V iliyoachwa porini itaonwa na rubani mwingine kesho, naye atageuza ndege yake kumtafuta mtu ambaye wakati huo yuko Isiolo, anakunywa chai.